Usambara, Hell's Gate au Kivu: Kuchagua Njia ya Baiskeli Milimani Bila Magari

Mtu anayetafuta njia ya milimani isiyo na magari kwa kawaida huanza kwa kuuliza urefu wake, ukali wa vilima vyake na gharama ya kufika huko. Maswali hayo yana mahali pake, lakini lipo swali jingine linalosaidia zaidi kuchagua, nalo ni hili: kwa nini magari hayapo? Zipo njia ambazo magari yamepunguzwa kwa lango na kiingilio. Zipo ambazo magari yamezihama baada ya lami kujengwa upande wa juu wa kilima. Na zipo ambazo gari halina linalolipeleka huko, isipokuwa siku ya gulio au msimu wa kuvuna miti. Sababu hiyo ndiyo huamua udongo utakaoukanyaga, watu utakaokutana nao, fedha zitakazokutoka, na muda utakaokaa kando ya njia ukiharibikiwa kabla mtu hajatokea.

Ninalinganisha hapa maeneo matatu ambayo mpanda baiskeli wa Afrika Mashariki anaweza kuyafikia bila kuvuka bahari: Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, milima ya Usambara Magharibi mkoani Tanga, na njia iitwayo Congo Nile Trail upande wa Rwanda wa Ziwa Kivu. Kilimanjaro nitaigusa kwa ufupi, kwa sababu jina lake halikosekani kila mazungumzo haya yanapoanza.

Ninaposema baiskeli ya changarawe ninakusudia ile yenye usukani uliopinda kwenda chini kama wa baiskeli za mbio, lakini yenye tairi pana zaidi, breki za diski na gia nyepesi, ambayo hukimbia vizuri kwenye lami na bado huvumilia vumbi na kokoto. Mwenye baiskeli ya milimani yenye shokamzoba mbele asijione kwamba amekosea ununuzi. Katika moja ya maeneo haya matatu, yeye ndiye atakayekuwa na raha kuliko wenzake.

Hell's Gate: magari yamezuiliwa na lango

Hell's Gate ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984, na ni ndogo: eneo lake ni takriban kilomita za mraba 68, kwenye mwinuko wa kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Upekee wake ni kwamba mgeni anaruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli na kupita katikati ya pundamilia, swala, ngiri na twiga bila kioo cha gari kati yake na wao. Baiskeli hukodishwa karibu na lango la Elsa, ingawa nyingi kati ya hizo zimechoka, na ni busara kukagua breki na mnyororo kabla ya kutoa fedha.

Kutoka langoni njia hupita chini ya Fischer's Tower, jiwe refu la volkano lililobeba jina la mvumbuzi Mjerumani Gustav Fischer aliyepita hapo mwaka 1883, kisha huendelea kati ya kuta mbili za majabali mekundu hadi mahali pa kuanzia matembezi ya korongo la Ol Njorowa. Ni kama kilomita 8 kwenda, na kiasi hichohicho kurudi. Anayetaka zaidi huongeza mzunguko wa Buffalo Circuit, unaopanda kuelekea upande wa Olkaria na kumpa mwendeshaji mandhari ya Longonot, mlima wenye kilele cha mita 2,776.

Sasa turudi kwenye swali letu. Magari hapa hayajafutwa, yamechujwa tu. Wageni wenye magari yao huingia kwa lango lilelile, na wakati wa likizo za shule na mwisho wa wiki huwa wengi kiasi cha kumfunika mpanda baiskeli kwa vumbi. Tena kuna mitambo ya umeme wa jotoardhi ya Olkaria, ambayo ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981, yaani kabla hata ya hifadhi yenyewe kutangazwa, na magari ya kazi huenda na kurudi upande huo siku zote. Anayetaka utulivu hana budi kuingia asubuhi lango linapofunguliwa, siku ya kazi, na kuwa amemaliza sehemu ya katikati kabla ya saa nne.

Mengine ya Hell's Gate yanaelezeka haraka. Njia kuu ni tambarare kuliko jina la hifadhi linavyotisha, kwa hiyo mtoto wa miaka kumi mwenye mazoezi kidogo huimaliza. Miiba ya migunga hutoboa tairi bila huruma. Nyati si mnyama wa kupigiwa kengele. Ukimwona karibu na njia, simama mbali na usubiri aondoke, au uwe nyuma ya gari la mgeni mwingine, na hapo ndipo utakapoona kwamba gari nalo lina heri yake. Na korongo, ambalo hushukwa kwa miguu baada ya kuegesha baiskeli, halifai kuingiwa mawingu yakiwa yametanda hata kama mvua inanyesha mbali, kwa maana mafuriko ya ghafla ya mwaka 2012 na mwaka 2019 yaliwaua wageni waliokuwa ndani yake.

Je, ni milimani? Ni bondeni, kati ya milima. Ninaiweka katika ulinganisho huu kwa sababu ndiyo njia ya siku moja kwa mkazi wa Nairobi, na kwa sababu anayeanza anahitaji mahali ambapo kosa lake halitamgharimu usiku mzima porini. Anayetafuta vilima vya kumtoa jasho hadi kwenye viwiko ataona amedanganywa.

Usambara Magharibi: gari halina linalolipeleka

Usambara inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayochanganya watu. Mgeni husikia kwamba Lushoto ni mahali pa baiskeli, hushuka kwenye basi pale Mombo katika barabara kuu, hufunga mizigo yake na kuanza kupanda. Kilomita 33 baadaye amepanda takriban mita 1,000, ameona maporomoko ya maji ya Soni, na hajapata hata dakika moja ya njia isiyo na magari. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni lami nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi za Wajerumani, walioiita Lushoto kwa jina la Wilhelmsthal. Ina kona ambazo dereva wa basi hupiga honi kabla ya kuziingia, na hakuna pembezoni pa kumkwepea. Ushauri wangu ni kuipakia baiskeli kwenye basi dogo linalopanda, kulipa nauli ya mzigo bila kubishana sana, na kuuanza mwendo Lushoto mjini, kwenye mita 1,400 hivi.

Hata juu ya Lushoto kuna barabara mbili za tabia tofauti. Ya kwanza ni barabara ya mgongo wa milima inayopitia Magamba, Malindi na Lukozi hadi Mtae, ambayo lami yake imekuwa ikisogea mbele kipande kwa kipande. Hiyo ndiyo inayobeba kabichi, karoti na viazi vya Usambara kwenda Dar es Salaam, na Lukozi ni soko kubwa la mboga ambako malori hupanga foleni. Mabasi ya Mtae huondoka huko juu alfajiri, giza likiwa halijatoka, na kurudi mchana kuelekea jioni. Mpanda baiskeli anayeijua ratiba hiyo anaweza kuipata barabara ikiwa karibu tupu katikati ya asubuhi, lakini asiyeijua atakutana na basi kwenye kona isiyo na ukingo.

Ya pili ndiyo inayostahili safari. Ni mtandao wa njia za misitu na za vijiji zilizo pembeni mwa mgongo huo: njia za ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, njia za msitu wa kupandwa wa Shume wenye misonobari na misaipresi, na njia za kuunganisha vijiji kwa vijiji upande wa Rangwi na Sunga. Huku gari halijakatazwa na mtu, ila halina shughuli. Njia za Shume zilifunguliwa kwa ajili ya kutoa magogo, hivyo mteremko wake si mkali mno, kwa kuwa lori lililojaa halipandi ukuta. Ukataji wa miti, yaani mkato, unapokuwa umehamia sehemu nyingine ya msitu, njia hubaki na majani makavu ya misonobari juu yake na ukimya ambao mtu wa mjini huchukua muda kuuzoea. Mkato ukirudi, malori hurudi nao, na matairi yake huchimba mifereji ambayo gurudumu la baiskeli likiingia halitoki mpaka chini. Ndiyo maana swali la kumwuliza mlinzi wa msitu asubuhi si kama njia ipo, bali ni wapi wanakata wiki hii.

Magamba ni tofauti. Ni msitu wa asili, umehifadhiwa kwa daraja la hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2010 chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kuingia kunahitaji kibali na kiingilio. Miti yake huifunika njia hata jua la saa sita lisifike chini, na mbega hupita juu bila kujali nani yuko chini. Uzuri huo una bei yake: njia isiyopigwa na jua haikauki. Wiki moja baada ya mvua, wakati changarawe ya kijijini tayari inatimka vumbi, ndani ya Magamba udongo mwekundu bado unanata kama ugali wa muhogo, unajaza nafasi kati ya tairi na fremu, na gurudumu linasimama kabisa. Niliwahi kutembea karibu saa mbili nikiisukuma baiskeli yangu humo, nikisimama kila baada ya hatua hamsini kuuchokoa udongo kwa kijiti, huku akina mama wenye kuni kichwani wakinipita kwa salamu ya huruma. Mwenye baiskeli ya milimani, yenye uma mpana na nafasi ya kutosha juu ya tairi, angepita. Huyo ndiye niliyesema atakuwa na raha.

Kuhusu kushuka, Waswahili walishasema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Katika Usambara kilima huisha ghafla. Unakata kona ya kijiji na mbele yako ni hewa. Pale Irente, kilomita chache kutoka Lushoto, na zaidi pale Mambo na Mtae, nyanda zimelala zaidi ya mita elfu moja chini, na siku yenye hewa safi Mlima Kilimanjaro huonekana upande wa kaskazini-magharibi. Anayeshuka kwa baiskeli ahakikishe pedi za breki ni mpya, avunje mwendo kwa vipindi badala ya kuminya breki moja kwa moja, na akumbuke kwamba njia ya kijiji ni uwanja wa watu. Kuna watoto wanaotoka shule, mbuzi, na bodaboda aliyezima injini ili kuokoa mafuta, ambaye humsikii mpaka amekufikia.

Bodaboda ndiye anayeibomoa sifa ya Usambara ya kutokuwa na magari, na ni haki tukiri hivyo. Mahali gari lisipofika, yeye hufika, akiwa na magunia mawili ya viazi nyuma. Hata hivyo pikipiki mbili kwa saa si sawa na msururu wa malori, na mara nyingi ndiye huyohuyo atakayekuonyesha mahali njia ilipobomoka na nani kijijini ana bomba la upepo.

Kivu: magari yamehamia kwenye lami

Congo Nile Trail ina urefu wa kilomita 227, kutoka Rubavu kaskazini hadi Rusizi kusini, ikifuata mwambao wa Ziwa Kivu ambalo uso wake uko kwenye mita 1,460. Jina lake limetokana na mgongo wa milima unaogawa maji yaendayo mto Kongo na yale yaendayo mto Nile, ingawa mpanda baiskeli hutumia muda wake mwingi akiwa upande wa Kongo wa mgawanyo huo, akipanda na kushuka vidole vya ardhi vinavyoingia ziwani. Waendao kwa miguu hupewa siku kumi. Waendao kwa baiskeli kwa kawaida huigawa katika siku tano.

Sababu ya kukosekana kwa magari hapa ni ya kipekee na ndiyo inayoipa njia hii ubora wake. Vijiji vya mwambao vilikuwa na barabara ya udongo ambayo kila kitu kilipita. Kisha barabara ya lami ya kuunganisha Rubavu, Karongi na Rusizi ikajengwa juu zaidi mlimani, na magari yote yaliyokuwa na haraka yakahamia huko. Barabara ya zamani ilibaki na upana wake, madaraja yake na watu wake, lakini bila mabasi. Njia ya msituni ya Usambara haijawahi kuwa barabara ya watu wengi. Hii ya Kivu ilikuwa, na hali hiyo huonekana kila kilomita: kuna duka, kuna kibanda cha chai na chapati, kuna kituo cha kuoshea kahawa, kuna shule. Huwezi kupotea kwa muda mrefu wala kulala njaa. Upande wa pili wa sarafu hiyo ni kwamba huwezi kuwa peke yako pia. Watoto watakukimbilia kilima kizima, wakisukuma keria yako kwa nia njema ambayo wakati mwingine hukuangusha.

Ninapendekeza nusu ya kaskazini, kutoka Rubavu hadi Karongi, kuliko nusu ya kusini. Kaskazini njia hukaa karibu na ziwa na kwenye udongo kwa muda mrefu, ikipita mashamba ya kahawa ya Kinunu na kuwapa wasafiri sehemu za kulala zinazofikika kwa siku moja ya mwendo. Kusini mwa Karongi njia hukutana na lami mara nyingi zaidi, na ingawa lami hiyo ni nzuri na mandhari yake hayana lawama, aliyekuja kukimbia magari atajiuliza kwa nini yuko hapo. Mwenye siku mbili au tatu atapata utamu wote kaskazini. Mwenye wiki nzima na nia ya kuufikia msitu wa Nyungwe aendelee kusini akijua anachokifuata.

Kwa msomaji wa Kiswahili, Kivu ina faida ambayo vitabu vya wageni huwa haviitaji. Rubavu imepakana na Goma na Rusizi imepakana na Bukavu, miji ambayo biashara yake hunenwa kwa Kiswahili cha Kongo, na Kiswahili kiliingizwa katika lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017. Mijini na kwenye magati utaelewana na watu vizuri. Vijijini kati ya miji hiyo Kinyarwanda ndicho hutawala, kwa hiyo jifunze angalau salamu na namna ya kuuliza maji. Jioni ukiwa ufukweni, agiza sambaza wa kukaanga, ambao ni dagaa wa Ziwa Tanganyika waliopandikizwa Kivu katika karne iliyopita. Mtu wa Kigoma atawatambua hata kwa jina jingine.

Kuna mambo mawili ya kanuni. Rwanda huendesha upande wa kulia, na Mtanzania au Mkenya atakayekuwa amechoka baada ya saa sita za kupanda atajikuta kushoto bila kukusudia pale njia inapoingia kwenye lami. Pia Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya jamii ya asubuhi, ambapo shughuli husimama mpaka kama saa tano. Kupita ukiwa na baiskeli ya kifahari mbele ya watu walioshika majembe si jambo la heshima. Panga kuanza mchana siku hiyo, au uombe jembe.

Udongo, mvua na gia

Miezi ya kuepuka inafanana katika maeneo yote matatu: Machi hadi Mei ni masika, na Oktoba hadi Desemba huja vuli. Tofauti ni uzito wa adhabu. Naivasha iko katika kivuli cha mvua cha milima inayoizunguka, na vumbi lake la majivu ya volkano hunyonya maji haraka, kwa hiyo mvua ya jioni mara nyingi huwa imesahauliwa kesho yake. Kivu huteleza, lakini kwa kuwa njia ni pana na ilikuwa barabara kamili, daima kuna ukanda mgumu wa kupita. Usambara ndiyo isiyosamehe, kwa sababu niliyoieleza ya kivuli cha msitu na udongo wa mfinyanzi. Huko ningekwenda kati ya Juni na Septemba, nikiwa na koti, kwa sababu asubuhi za Julai ukungu hukaa hadi saa tatu na baridi yake humshangaza mtu aliyetoka Tanga mjini asubuhi hiyohiyo akiwa na fulana.

Tairi ya milimita 40 inatosha Hell's Gate, mradi ndani yake mna dawa ya kuziba pancha kwa ajili ya ile miiba. Kivu ningeweka 45. Usambara ningeweka 50 ikiwa fremu inairuhusu na nafasi ya udongo ikabaki, la sivyo ningeazima baiskeli ya milimani bila aibu. Gia ndiyo wanayoikosea wengi: baiskeli za changarawe zinazouzwa kwa ajili ya nchi tambarare huja na sproketi ya mbele ya meno 40 au zaidi, ambayo kwenye kilima cha udongo cha Kivu au Usambara, ukiwa na mizigo, itakushusha chini utembee. Tafuta sproketi ya mbele ya meno 30 hadi 34 na kubwa ya nyuma yenye meno 42 au zaidi. Magoti yako yatakushukuru siku ya tatu.

Ukiharibikiwa

Hapa ndipo tofauti za sababu tulizoanza nazo hudhihirika. Hell's Gate uko ndani ya uzio, askari wa wanyamapori wapo, na mbaya zaidi utaisukuma baiskeli kilomita chache hadi langoni. Kivu una bahati ya kuwa katika nchi ambayo baiskeli ni chombo cha kazi: inabeba ndizi, mkaa, makopo ya maziwa na abiria. Fundi wa kuziba pancha, kunyoosha rimu au kufunga spoku hayuko mbali kamwe, ingawa hatakuwa na vipuri vya gia za kisasa, na ikivunjika ile sehemu ya nyuma inayohamisha mnyororo kutoka gia hadi gia, tegemeo lako ni Kigali. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza barani Afrika, yaliufanya mchezo huu ujulikane zaidi, na kijijini hutaulizwa tena hiyo nguo ya kubana ni ya nini.

Usambara hali ni kinyume na mtu anavyodhani. Kuna watu wengi, Washambaa wamelima miteremko hii kwa vizazi vingi, lakini baiskeli ni chache kwa sababu ya ukali wa vilima, na ambako hakuna baiskeli hakuna fundi wa baiskeli. Fundi pikipiki yupo, ana moyo wa kusaidia, na ana nyundo. Kwa hiyo anayekwenda Usambara abebe tyubu mbili hata kama tairi zake hazitumii tyubu, kiungo cha mnyororo, pedi za breki, ile ndoano ndogo ya fremu inayoshikilia kihamisha-mnyororo, na ajue kuvifunga mwenyewe. Mwongozaji wa mahali, anayepatikana kupitia ofisi za utalii wa utamaduni pale Lushoto, si anasa; kwenye njia za Shume zinazogawanyika kila mita mia tatu, ndiye tofauti kati ya kufika Mtae mchana na kufika usiku.

Kilimanjaro, kwa ufupi

Njia ya Kilema, ambayo hutumiwa na magari ya uokoaji, ndiyo ambayo waendesha baiskeli wamekuwa wakiruhusiwa kupanda kwa kibali cha hifadhi hadi upande wa Horombo, kwenye mita 3,720, na kuendelea juu. Ukiacha hayo, kweli haina magari. Lakini ni safari ya siku kadhaa pamoja na wapagazi, ada za hifadhi, na ugonjwa wa mwinuko ambao haujali una gia ngapi. Mawe yake yanahitaji baiskeli ya milimani yenye shokamzoba. Siiweki katika mizani moja na haya matatu.

Fedha na safari

Hell's Gate ni rahisi kwa anayetoka Nairobi: kilomita kama 90 za barabara hadi Naivasha, kiingilio kinacholipwa kwa njia ya kielektroniki na chenye viwango tofauti kwa raia, wakazi na wageni, kisha kodi ya baiskeli. Usambara ina kiingilio cha Magamba tu na malipo ya mwongozaji. Vyumba na chakula ni vya bei ya kijijini. Kivu haina kiingilio cha njia, lakini kuna safari ya kufika: Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka mipaka kati ya nchi zao kwa kitambulisho cha taifa, wakati Mtanzania atahitaji pasipoti au hati nyingine ya kusafiria.

Kama ningekuwa na siku moja na mtu ambaye hajawahi kupanda baiskeli nje ya lami, ningekwenda Hell's Gate siku ya Jumanne. Kama ningekuwa na siku tatu, rafiki mmoja na baiskeli ya changarawe iliyo tayari, ningekwenda Rubavu na kushuka hadi Karongi, bila kusita. Usambara ningeiweka kwa wiki nzima ya Agosti, na kwa mtu ambaye tayari ameshajua kuziba pancha gizani, kwa kuwa ndiyo pekee kati ya hizi ambayo ningependa kuirudia kila mwaka.

Namna ya kurudi nayo huamua mengi, hivyo ipange kabla ya kuondoka. Kutoka Karongi unaweza kurudi Rubavu kwa boti siku ambazo boti ipo, baiskeli ikilala juu ya mizigo, au kupanda basi kwa lami ileile uliyoikwepa. Kutoka Mtae basi huondoka kabla ya kupambazuka na halina buti la baiskeli, bali keria ya juu yenye magunia ya kabichi. Zungumza na kondakta jioni ya kuamkia safari, ondoa pedali, funika mnyororo kwa gunia, na uilaze baiskeli upande wa kushoto, ili kihamisha-mnyororo kilicho upande wa kulia kiangalie juu.